Vidonge vya Pumu na Raundi Ishirini na Nne

Vijana wangu, mnaopita hapa kwangu Roret kila asubuhi mkikimbia na kunisalimia bila kusimama, nimesikia mabishano yenu. Juzi mlikuwa mmeketi kando ya ua wangu mkinyoosha miguu. Mmoja wenu akasema kwamba hizi dawa za kuongeza nguvu zingeruhusiwa tu: kila mtu ameze anachotaka, daktari asimamie, halafu mwenye mbio ashinde. Wengine mlicheka, wengine mlikubali. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe changu cha chai, nikanyamaza. Jibu langu ni refu, na nyinyi mlikuwa mmetoka jasho na upepo ulikuwa wa baridi. Nimeona afadhali niliandike.

Jina langu mnalijua, Zakaria. Wazee wa hapa bado wananiita Dakitari, ingawa sikuwahi kuwa daktari hata siku moja. Nilikuwa dresa. Dresa alikuwa mtu wa dispensari ya shamba la chai: anaosha vidonda, anafunga bandeji, anapiga sindano, anagawa vidonge, na daktari mwenyewe anakuja kutoka mjini mara moja kwa wiki kuona kama bado hajaua mtu. Baba yangu alitoka Kisii kuja kuchuma majani chai upande wa Kimulot, karibu na msitu wa Mau, na mimi nikakulia kambini. Nilipomaliza shule nilichukuliwa dispensari kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulisomeka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sigei, dresa mkuu. Alikuwa Mkipsigis mrefu, mkimya, aliyejifunza kufunga majeraha jeshini wakati wa vita vya Burma. Koti lake jeupe lilipigwa pasi hata siku ambazo mvua ilinyesha tangu asubuhi hadi jioni, na Kimulot siku kama hizo ni nyingi. Alinifundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Kwa mfano, siku ya baridi kali nusu ya wachumaji walikuja kusema wana homa. Mzee Sigei alimpa kila mmoja kipimajoto aweke kwapani, kisha akatoka nje akajifanya anaangalia mawingu. Alikuwa anachungulia dirishani. Mgonjwa wa kweli aliketi tu, kichwa chini. Aliyejisingizia alikitoa kipimajoto, akakigeuza, akakitazama, akakisugua kwenye suruali na kukirudisha. Mzee aliingia na kumwambia, "Wewe umepona. Chukua kikapu chako."

Nilifanya makosa mengi, na la kwanza kubwa lilihusu michezo. Mashamba ya chai ya huku kwetu yalikuwa na siku ya michezo kila mwaka, wakati wa kiangazi kile kifupi cha baada ya Krismasi. Kulikuwa na mpira, kuvuta kamba, kurusha mkuki na mbio. Kazi ya dispensari ilikuwa kutengeneza dawa ya kuchua misuli. Mzee Sigei alinielekeza: sehemu moja ya dawa kali inayochoma ngozi, sehemu sita za mafuta. Mimi nilisikia kinyume. Nikachanganya, nikawachua wanaume wanane wa timu ya kuvuta kamba, mapaja na mabega, nikisugua kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilitaka waone bidii yangu.

Mvuto wa kwanza walishinda kabla wenzao hawajakaza visigino. Watu walishangilia. Kumbe wale wanaume walikuwa wanavuta kwa haraka ili yaishe. Mara tu filimbi ilipolia waliachia kamba na kukimbia wote wanane hadi mtoni, wakakaa ndani ya maji wakitukana kwa Kikipsigis, Kikisii na Kiluhya. Mvuto wa pili ulipoitwa hawakuwepo, tukahesabiwa tumeshindwa.

Nilidhani nitapigwa. Lakini wiki iliyofuata walikuja watu watano dispensari, mmoja baada ya mwingine, wakiomba "ile dawa ya kuvuta kamba." Walikuwa wameona mvuto wa kwanza, na habari za mtoni hawakuzijali. Mzee Sigei aliwafukuza, kisha akaniambia, "Umeona? Mtu wa mashindano atakunywa hata mafuta ya taa akiambiwa yanasukuma." Nilicheka. Ningefanya vizuri kama ningelitia neno hilo akilini.

Sasa niwape kisa cha miaka ya baadaye kidogo, wakati Mzee Sigei alikuwa ameshastaafu na mimi ndiye mwenye ufunguo wa kabati. Tulipata meneja msaidizi mpya, kijana aliyependa mpira kuliko majani chai. Fainali ilikaribia, tucheze na shamba jirani. Akaja dispensari na kikopo cha vidonge. Nilivitambua. Ni vile ambavyo watu wanene wenye uwezo walipewa siku hizo wapunguze mwili. Viliondoa njaa na usingizi, na vilimfanya mtu aongee kama redio.

"Zakaria," akasema, "Jumamosi utampa kila mchezaji kimoja kabla ya kuingia uwanjani."

"Bwana, hii dawa si ya mpira."

"Ni ya kuchangamsha tu. Unajua sheria yoyote ya mashindano yetu inayokataza?"

Hapo alisema kweli. Hakukuwa na sheria. Sheria zetu zilikuwa kuhusu viatu vyenye misumari na wachezaji wa kuazima.

"Sijui sheria," nikamwambia. "Lakini siwezi."

Akanitazama, kisha akauliza polepole, "Nyumba unayokaa ni ya nani?"

Nyumba ilikuwa ya kampuni. Watoto wangu walikuwa wanasoma shule ya shamba, mke wangu alikuwa na bustani ya sukuma nyuma ya nyumba hiyo. Nikafungua droo, nikatoa karatasi na kalamu, nikaziweka mbele yake.

"Sawa, Bwana. Andika tu jina la dawa, majina ya wachezaji na kwamba ni amri yako, utie sahihi. Nitaiweka kwenye faili aione daktari akija Jumatano."

Alinirudishia ile karatasi ikiwa tupu. Kisha alikitia kikopo mfukoni na kutoka. Tulifungwa mabao mawili kwa moja, na kwa miezi mitatu alikuja kila Jumatatu kupitisha kidole juu ya kabati zangu akitafuta vumbi. Mke wangu alizipangusa mara mbili kwa siku. Hiyo karatasi iwekeni akilini, nyinyi mtakaoajiriwa: mkubwa akikupa amri inayonuka, usibishane naye sana, mwombe aiandike.

Baadaye nilimweleza golikipa wetu habari hiyo, nikidhani atanishukuru. Akaniuliza, "Kwani ungetupa, sisi tungekataa vipi? Meneja akisema kunywa, na nyumba ni yake?" Hakuwa ananishukuru wala kunilaumu. Alikuwa anauliza tu. Swali lake ndilo ninalowarudishia nyinyi mnaosema kila mtu ameze anachotaka. Siku dawa itakaporuhusiwa, atakayeamua umeze au usimeze hatakuwa wewe.

Lakini msinifanye shujaa. Nilijua kuitoa ile karatasi kwa sababu nilikuwa nimeshaungua. Yaliyoniunguza yalitokea miaka ya sitini ikielekea mwisho, na sijawahi kuyaeleza yote.

Katika shamba letu kulikuwa na mchumaji aitwaye Kiplangat, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye masikio makubwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe. Alikuja kazini akikimbia, akarudi nyumbani kwao akikimbia, na siku ya Jumapili alikimbia kwenda kanisani na viatu mkononi. Mbio zake zilikuwa maili sita. Uwanja wetu ulikuwa wa nyasi, umechorwa kwa chokaa, na maili sita zilikuwa raundi ishirini na nne.

Shamba la ng'ambo ya mto lilikuwa na mtu wao, Barnaba, fundi wa kiwandani, mzito kidogo na mzee kidogo kuliko Kiplangat. Barnaba alimshinda Kiplangat miaka miwili mfululizo, mara zote mbili katika raundi ya mwisho. Alikuwa na chupa. Aliifunga kwa soksi kuukuu, akanywa kidogo kabla ya mbio, akaificha chini ya koti lake na hakumwonjesha mtu. Basi kambini maneno yakaanza. Mmoja akasema ni dawa kutoka duka fulani la Kisumu. Mwingine akasema ameona rangi yake, nyeusi kama dawa ya kikohozi. Kufikia mwaka wa tatu hakuna aliyekuwa na shaka, na mimi msomi wa dispensari ndiye niliyeamini kuliko wote.

Mwaka huo mshindi angepelekwa Nakuru kukimbia mbele ya watu wanaochagua timu ya taifa. Kiplangat alikuja dispensari siku mbili kabla, akasimama mlangoni akizungusha kofia yake.

"Dakitari mdogo," akasema. Mzee Sigei ndiye alikuwa dakitari mkubwa. "Kama yule anakunywa, na mimi nipe. Si ndiyo haki?"

Nilikuwa nimeshalifikiria kabla hajaja. Kulikuwa na mtu wa tanuri kiwandani aliyekuwa na pumu, na kila nilipompa vidonge vyake niliona macho yake yakiamka, mikono ikitetemeka kidogo, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba akivimeza anaweza kupasua kuni za wiki nzima. Kifua kinafunguka, moyo unakwenda mbio. Nilijiambia: mkimbiaji anataka nini zaidi ya hayo? Tena ni dawa ya dispensari, si ya vichochoroni. Na anayeitoa ni mimi, mtu wa kazi hiyo. Mnaposema daktari asimamie, huwa nakumbuka kwamba siku ile msimamizi alikuwepo. Alikuwa mimi.

Siku ya mashindano Mzee Sigei alikuwa amekwenda mkutano wa kanisa asubuhi, aje mchana. Ufunguo niliachiwa. Nilimpa Kiplangat vidonge viwili nyuma ya dispensari. Baada ya nusu saa akasema hasikii kitu. Nikamwongeza. Nikamwongeza tena. Sitawaambia vilikuwa vingapi kwa jumla, ila nilijua kwamba mwenye pumu sijawahi kumpa vingi hivyo kwa siku nzima.

Jua lilikuwa kali, jua la milimani ambalo halina joto mpaka ukimbie ndani yake. Kabla ya mbio Kiplangat aliongea bila kukoma. Aliwasalimia watu ambao hakuwajua. Midomo ilikuwa imemkauka, akaramba mara kwa mara. Nilipomshika mkono nimtakie heri, vidole vilikuwa baridi na vinatetemeka. Nikajiambia ni hamu ya kukimbia.

Bastola ilipolia aliondoka kama anafukuzwa. Raundi ya tatu alikuwa mbele kwa hatua hamsini. Raundi ya kumi alikuwa nusu uwanja mbele. Kambi yetu yote ilikuwa inaimba, wanawake wamevua vitambaa vya kichwa na kuvipunga, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa chokaa nikijiona kama nimezaa mtoto. Barnaba alikimbia vilevile kama kila mwaka, kichwa upande mmoja, hatua ileile, hakumwangalia mtu.

Raundi ya kumi na tisa niliona kitu. Kiplangat hakuwa na jasho. Wenzake waling'aa kama waliomwagiwa maji, yeye uso wake ulikuwa mkavu na wa rangi ya majivu. Raundi ya ishirini alianza kukanyaga nje ya mstari na kurudi. Alipopita mbele yangu nilimwita, "Kiplangat, punguza!" Akanigeukia akitabasamu. Macho yake hayakuniona. Miguu haikupunguza hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu aliyechoka hupunguza. Huyu hakuwa na habari kwamba amechoka.

Raundi ya ishirini na mbili, kwenye kona, uwanja ulipinda na yeye hakupinda. Alikwenda moja kwa moja, akapita katikati ya watu, akaingia ndani ya michai, akaendelea kukimbia huku matawi yakimchana mpaka akaanguka kifudifudi. Tulipomfikia miguu yake ilikuwa bado inasukuma udongo.

Aliyefika wa kwanza hakuwa mimi. Alikuwa Barnaba. Aliacha mbio zake, ushindi ukiwa wake na raundi tatu tu zimebaki, akaingia kwenye michai na kumgeuza Kiplangat ili apumue. Mwaka huo aliyeshinda mbio alikuwa mtu wa tatu ambaye hata jina lake nimelisahau.

Tulimbeba hadi dispensari, hatua mia tatu hivi. Nilimshika mkono nihesabu mapigo. Sikuweza kuyahesabu, yalikuwa yanatetemeka tu chini ya kidole changu. Mwili ulikuwa moto kama sufuria. Kwa bahati daktari mwenyewe alikuwa amealikwa kwenye michezo. Aliingia akiwa na kofia yake ya jua, meneja mkubwa nyuma yake, na Mzee Sigei, aliyekuwa amefika dakika hiyo kutoka kanisani na Biblia bado kwapani.

Daktari alisikiliza kifua. "Moyo umeshindwa kwa joto," akasema. "Zakaria, leta ile sindano ya kuamsha moyo."

Niliileta. Nikampa kwa mikono yangu mwenyewe. Akavunja kichupa, akaanza kuvuta dawa ndani ya sindano. Nilijua ile dawa ni ya nini. Ni ya kuupiga moyo uliolala uamke. Na moyo wa Kiplangat haukuwa umelala. Mimi peke yangu chumbani nilijua hivyo. Meneja alikuwa amesimama pale. Nikisema, kazi imekwisha, labda na jela ipo. Nisiposema, huenda akapona tu, nani ajuaye? Vijana, nawaambia ukweli: niliwaza hayo yote, na muda wa kuwaza ulikuwepo. Daktari alishainua sindano juu akitoa hewa, na mimi bado nawaza.

Mzee Sigei hakuwa anamtazama mgonjwa. Alikuwa ananitazama mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama vile tuko wawili tu, "Umempa nini?"

"Vidonge vya pumu," nikasema.

"Vingapi?"

Nikataja idadi. Daktari aliiweka sindano mezani kana kwamba imemchoma yeye. Hakunigombeza, hakuwa na nafasi. Akaagiza maji. Tulimvua Kiplangat nguo, tukamfunika kwa mashuka yaliyoloweshwa, tukapepea kwa majalada ya faili. Barnaba alikuwa anachota ndoo kutoka bombani na kuileta mbio, akiwa bado na namba yake ya mashindano kifuani. Daktari alitoa dawa nyingine, ya kutuliza, akampiga sindano. Jua lilipoanza kushuka nilishika tena mkono wa Kiplangat, na kwa mara ya kwanza niliweza kuhesabu. Yalikuwa mengi, lakini yalihesabika. Nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi na kulia.

Barnaba alikuja kuketi kando yangu na chupa yake ya soksi. Akanipa. "Kunywa, dakitari, umekauka."

Niliitazama ile chupa. "Ni nini hii?"

"Chai ya rangi. Sukari na chumvi kidogo. Tumbo langu halipendi maziwa nikikimbia."

"Na kwa nini unaificha?"

Akaona aibu kidogo. "Wenzangu wa kiwandani wananicheka. Eti nakunywa chai baridi kama mgonjwa."

Nikanywa. Ilikuwa chai yetu wenyewe, ya shambani.

Sikufungwa. Daktari na meneja walizungumza, Mzee Sigei akasema kosa ni lake kwa kuniachia ufunguo, jambo ambalo halikuwa kweli. Nilinyang'anywa sindano na vidonge kwa mwaka mzima. Kazi yangu ikawa kuchemsha bandeji, kuosha chupa na kufagia. Siku ya kwanza ya ufagio Mzee alinikuta nimeinama, akasimama mlangoni, akanisimulia jambo la Burma ambalo hakuwahi kulitaja.

"Walitupa vidonge," akasema. "Tulitakiwa kutembea siku tatu bila kulala. Na tulitembea. Nilikuwa na rafiki, Mnandi. Aliimba njia nzima. Siku ya tatu tuliposimama nilimvua viatu, ngozi yote ya nyayo ilibaki ndani ya viatu. Hakuwa ameona. Aliniuliza kwa nini nalia." Akakohoa kidogo. "Dawa ile haikumpa nguvu. Nguvu ilikuwa yake mwenyewe, ile ya akiba. Ilimfungulia ghala, ikamwondoa mlinzi, basi. Kuchoka ni mlinzi, Zakaria."

"Aliishi?" nikamuuliza.

"Siku nne," akasema, akaingia ndani kuanza kazi.

Kiplangat alilala wiki mbili. Nilimletea uji kila asubuhi, nikingoja anitukane. Alikula bila kusema mengi, na kwa Kiplangat hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Siku aliporuhusiwa kutoka aliketi ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu.

"Wananiambia niliongoza raundi ishirini na moja," akasema.

"Ndiyo. Uliwaacha mbali kabisa."

"Sikumbuki hata moja. Nakumbuka bastola, halafu nakumbuka paa hili la mabati. Miaka miwili nimengoja siku ya kuwa mbele ya Barnaba. Nikawa mbele yake, na mimi mwenyewe sikuwepo." Akanyanyua macho. "Nani alikuwa mbele, dakitari? Niambie wewe uliyeona."

Nilichukua bakuli la uji nikaenda kuliosha.

Daktari alimkataza kukimbia miezi sita. Alikaa minane, kisha siku moja nilimwona barabarani, polepole, kama mtu anayejifunza. Barnaba alivuka mto kila Jumapili baada ya kanisa wakakimbia pamoja, na mimi, mwenye ufagio, niliruhusiwa kuwabebea chupa. Wakati mwingine walibishana kama nyinyi. Barnaba alisema kama wote wangemeza sawasawa, yeye angeshinda tu, kwa hiyo ya nini kumeza? Kiplangat alisema hapana, kama wote wangemeza, wangekuwa wote wawili ndani ya michai, na nani angemgeuza nani?

Mashindano yaliyofuata Kiplangat aliingia. Hakuwa na mwendo wa zamani, moyo wake haukurudi sawasawa, na daktari alimruhusu kwa shingo upande. Barnaba alishinda. Mtu wa Fort Ternan akawa wa pili. Kiplangat alikuja wa tano, hatua za mwisho akizivuta kama gunia, akavuka chokaa, akatapika kwenye nyasi, akalala chali. Nakuru hakuenda mwaka huo wala mwaka mwingine wowote. Alichuma chai hadi alipostaafu.

Siku hiyo, baada ya mbio, nilimpeleka dispensari kwa sababu kucha ya kidole gumba ilikuwa imeng'oka. Mzee Sigei alinitazama, akanitazama tena, kisha akanisogezea pamba na dawa ya kidonda, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa mwaka mzima. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha Kiplangat nikaanza kusafisha. Ilikuwa inauma sana, aliuma meno. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kabla ya maneno.

"Raundi ya kwanza," akasema, "nilikuwa wa nane, yule wa Fort Ternan alinikanyaga hapo unapogusa. Ya pili mbavu zikabana. Ya tatu zikaachia. Ya nne Barnaba alinipita akaniambia pole. Ya tano..."

Nilichovya pamba. Foleni ya wagonjwa ilikuwa inangoja nje, lakini Mzee Sigei hakuita mtu. Alivuta kiti chake akaketi, na Kiplangat akatusimulia zote ishirini na nne.